Juu ya Sanamu za Kusubu za Swamimalai

Kufua ni neno moja, na kusubu ni neno jingine. Afuaye huipiga shaba kwa nyundo. Asubuye huiyeyusha, akaimimina katika kalibu. Sanamu za ibada za Wahindu zitengenezwazo Swamimalai, karibu na Kumbakonam katika nchi ya Watamil, ni kazi ya kusubu. Naye asiyeijua tofauti hiyo hawezi kuzipima kwa haki.

Fundi, aitwaye sthapati, huanza na ukuti wa mnazi. Huukata kwa urefu wa sanamu, akaukunja sehemu sehemu. Mikunjo hiyo ndiyo kipimo cha uso, kifua na miguu, kama vitabu vya kale vya ufundi viagizavyo. Kisha huumba mwili kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa mti na mafuta, akaupaka udongo laini wa mto Kaveri, na juu yake udongo wenye mchanga. Kalibu ikiisha kukauka hutiwa motoni. Nta hutoka, na mahali pake humiminwa madini yaliyoyeyushwa, ambayo aghalabu ni shaba. Halafu kalibu huvunjwa. Kwa hiyo hapana sanamu yenye pacha.

Wako wasemao ya kuwa kipimo kilichoamriwa huua akili ya fundi. Neno hili silikubali. Je, mizani 8 za kila kipande cha shairi zimewafanya washairi wetu wote kuwa sawa? Mtazame Shiva achezaye wa zama za wafalme wa Chola, karne ya 9 hata ya 13: kipimo kimeshikwa, na mguu ulioinuliwa wapepea.

Upungufu uko kwingine. Mafundi wale wa kale walimaliza karibu kazi yote katika nta, hata shaba ilipotoka haikuhitaji tindo sana. Siku hizi mapambo mengi huchongwa baadaye, shaba ikiisha kupoa. Ni safi, tena ni mengi. Lakini yamebandikwa juu ya mwili, hali yale ya kale yalizaliwa pamoja nao.

Basi atakaye ufundi huu udumu asiwashauri mafundi waache ukuti. Anunuaye na asubiri, ili fundi apate siku za kutosha mbele ya nta, kwani huko ndiko sanamu ipatiapo uzuri wake.