Nimeuwasha Jana, Hadi Leo Nauwaza

Jamani, nimekata plaiwudi! Shiti nzima ya futi nne kwa nane, unene milimita 18, kutoka ukingo hadi ukingo, na mstari umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Hata dakika moja haikuisha. Kwa msumeno wa mkono kazi hiyo ingenila asubuhi yote, na bado ningemaliza na ukingo wa mawimbi. Naandika haya nikiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Boksi nimelifungua jana alasiri.

Mashine yenyewe ni Makita HS7600, msumeno wa duara wa kushika mkononi, wa kuchomeka ukutani. Wati 1,200, bledi ya milimita 190, yaani inchi saba na nusu, mizunguko 5,200 kwa dakika. Piga hesabu uone maajabu: ncha ya jino la bledi hiyo hukimbia zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Hakuna basi la mkoani litakaloifikia! Uzito ni kilo nne hivi. Nilijiandaa kubeba mzigo, nikapata kitu kinachotulia mikononi, mkono wa kulia nyuma, wa kushoto mbele, na kitako chake kinalala juu ya mbao bila kuyumba. Upande wa mota ni bapa, kwa hiyo ukitaka kubadili bledi unausimamisha mezani kwa utulivu, plagi ikiwa imechomolewa.

Kwa miezi kadhaa nilisitasita. Mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, wanaapa kwa msumeno wa meza, na wana haki, wao wanapasua mbao kutwa. Mimi nina kibaraza cha upana wa mita mbili, nacho ndicho pia cha kuanikia nguo. Jigso nayo ilinivuta kwa historia yake tu: mwaka 1946 Mswisi Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla alifunga bledi ya msumeno kwenye cherehani mahali pa sindano, na ndivyo mashine ile ilivyozaliwa. Kwa mikunjo na matundu haina mpinzani. Ila bledi yake ni nyembamba, kwenye mkato mrefu huteleza na kupinda, na shelfu, meza na kabati la jikoni vyote vinaanza na mkato mrefu ulionyooka.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo utamu wote ulipo. Kinachonyoosha mkato ni reli, na reli unajitengenezea mwenyewe kwa mabaki! Nilichukua kipande chembamba na kipana cha plaiwudi, nikakibandikia juu yake kipande chembamba zaidi kwa upana, chenye ukingo ulionyooka wa kiwandani. Nikabana vyote mezani, nikaegemeza kitako cha msumeno kwenye ukingo ule, nikasukuma mara moja. Bledi ikakata ziada ya kile cha chini. Basi! Kuanzia hapo ukingo wa kipande cha chini ndio njia halisi ya bledi. Unachora alama mbili za penseli, unalaza reli juu yake, unabana, unakata. Hakuna kupima umbali wa kitako, hakuna kukisia. Nimerudia mara sita jana, na mara sita vipande vimekaa ubavu kwa ubavu bila mwanga kupita katikati.

Uso mzuri wa plaiwudi uutazamishe chini, maana meno ya msumeno huu hukata yakipanda juu, na mchaniko hutokea pale yanapotokea. Kina ukiweke bledi ichungulie chini ya mbao kidogo tu, milimita chache, basi. Na meno: bledi ya meno 24 inakula mbao za paina kwa kasi, lakini kwa plaiwudi tafuta ya meno 40 au zaidi, yenye ncha za kabaidi. Tofauti utaigusa kwa kidole.

Ukikata wima, msumeno unazama milimita 66, kwa hiyo mbao ya mbili kwa nne inapita kwa mkupuo mmoja. Ukilaza hadi nyuzi 45 kina kinakuwa 46, na inchi mbili kamili ni karibu 51. Mbao nene ya mshazari, basi, utaigeuza na kuimalizia upande wa pili. Kwa kazi za nyumbani sidhani hilo litanisumbua.

Umeme? Soketi ya kawaida inatosha, maana msumeno huu unavuta ampea tano na ushei. Ekstensheni ya kuzungusha uikunjue yote ili isipate joto. Vile vijenereta vidogo vya wati 950 usivijaribu, havina ubavu.

Niliogopa, nakiri, na woga huo nataka ubaki. Mbao ikibana bledi, msumeno hukurukia, kwa hiyo simama pembeni ya mstari wa mkato, wala si nyuma yake, na kipande kinachoanguka kiache kiwe huru. Miwani, barakoa, kinga ya masikio. Mninga ukikatwa unanukia vizuri mno, lakini vumbi lake si la kuvuta.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanza na mashine moja tu: chukua msumeno wa duara wa inchi saba na nusu, vibanio viwili na bledi ya meno 40. Miwani ulipie kwenye risiti hiyo hiyo, kabla hujatoka dukani.