Kwotabeki wa Januari Hapimwi kwa Yadi

Ukisikia mtu anamsifia kwotabeki wa mechi za mtoano kwa kuwa karusha yadi 300, jua kasoma jedwali tu. Yadi nyingi za aina hiyo huja mechi ikiwa imeshakwisha, walinzi wamerudi nyuma kulinda ushindi wao. Kwotabeki mwingine ni mjanja zaidi: dauni ya tatu, zinatakiwa yadi 12, yeye anatoa pasi ya yadi nne. Asilimia yake ya pasi zilizofika inapanda, timu inapiga panti. Huo ni wizi.

Wala msiniletee pete ya ubingwa. Peyton Manning aliipata ya Februari 2016 kwa alama ya warushaji ya 56.6, walinzi wa Denver ndio walioshinda.

Mimi naanza na yadi alizopoteza kwotabeki. Ile alama ya warushaji, inayotumika NFL tangu 1973, haihesabu kabisa kwotabeki kuangushwa na mpira mkononi. Super Bowl ya Februari 2017, Matt Ryan wa Atlanta alitoka na 144.1, Tom Brady wa New England 95.2. Sasa irudieni robo ya nne. Atlanta inaongoza 28–20, zimebaki dakika kama nne, mpira uko yadi ya 23 ya New England. Fildigoli moja tu na Brady angelazimika kufunga mara mbili. Ryan anarudi nyuma kutafuta pasi, Trey Flowers anamwangusha, yadi 12 zimekwenda. Ikafuata adhabu ya kushika, ikafuata panti, na Brady akashinda 34–28 katika muda wa nyongeza. Kuangushwa kule hakukuipunguza 144.1 hata nukta. Najua, kocha ndiye aliyeagiza pasi. Mpira ulikuwa mkononi mwa nani?

Kinyume chake ni Joe Montana, huko Miami, Januari 1989: San Francisco iko nyuma kwa pointi tatu, zimebaki dakika tatu na ushee, yadi 92 mbele yake. Katikati ya safari akaishiwa pumzi kwa kupaza sauti, kichwa kikamzunguka. Akautupa mpira nje, akaendelea hadi pasi kwa John Taylor, tachidauni. Jedwali linauandika mpira ule kuwa pasi iliyokosa. Kwangu ndiyo pasi bora ya mechi nzima.

Asiyejua kuutupa nje simhesabu. Anayegeukia benchi kila baada ya mchezo pia simtaki, na sababu sidaiwi. Bart Starr wa Green Bay alipanga michezo mwenyewe. Nyumbani, 31 Desemba 1967, baridi ya kuua, zimebaki sekunde 16: aliingia na mpira yeye, ilhali wenzake walidhani anampa Chuck Mercein.