Ligeuze Blanketi: Namna ya Kupima Kazi ya Kroshia Inayokwenda kwa Mhitaji

Kuna methali ambayo wafumaji wa hisani huikimbilia kila kazi yao inapokaguliwa: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali ni ya kweli, ila inausema mkono unaotoa. Juu ya kitu chenyewe haikutamka neno. Anayenunua blanketi sokoni hulivuta, hulinusa, hubishania bei, na likifumuka baada ya wiki mbili humrudia muuzaji na maneno yake mdomoni. Anayepewa blanketi wodini au katika kituo cha watoto hana pa kurudi. Hamjui aliyelifuma, hakulipa, na adabu inamtaka ashukuru hata kama kona imeshaanza kuachia. Kazi ya msaada, basi, haina mteja wa kulalamika, na kwa sababu hiyo inahitaji mkaguzi mkali kuliko kazi ya kuuza. Ninachodai ni hiki: blanketi la kroshia linalokwenda kwa mhitaji lipimwe kwa maisha ya atakayelifua, si kwa macho ya wanaolipigia picha siku ya makabidhiano. Uso wake utasifiwa siku moja. Mgongo wake ndio utakaoishi na mtu.

Msomaji wa kwetu anaijua kroshia kwa vitambaa vya makochi: maua yaliyotiwa wanga yakasimama, yakatandazwa sebuleni ili mgeni ayaone. Kitambaa kile hutazamwa. Hakivutwi usiku kucha wala hakigombaniwi na watoto wawili, na ndiyo maana fundi hodari wa vitambaa anaweza kufuma blanketi baya. Blanketi lina mila yake. Wamarekani huliita afghan, jina lililotokana na nguo za rangi kali za Afghanistan, na umbo lake maarufu ni vipande vya mraba vilivyofumwa kutoka katikati kwenda nje, kila mzunguko na rangi yake, kisha vikaunganishwa. Mfano wa mraba huo ulichapishwa katika gazeti la wakulima la Prairie Farmer mwaka 1885, na tangu hapo umekuwa njia ya kuyapa kazi mabaki ya uzi. Mwaka 1991 Evie Rosen, mwenye duka la nyuzi mjini Wausau, Wisconsin, aliigeuza desturi hiyo kuwa mpango wa hisani ulioitwa Warm Up America. Kila mtu afume kipande cha inchi 7 kwa 9. Vipande 49 viunganishwe, saba kwa saba. Lipatikane blanketi la karibu sentimita 125 kwa 160. Hesabu hiyo ina busara, kwa kuwa asiye na muda wa blanketi zima hakosi muda wa kipande. Lakini inaleta tatizo ambalo mfumaji wa peke yake halijui: mikono 49 haikazi uzi kwa nguvu moja. Miaka minne baadaye, mwaka 1995, Karen Loucks alianzisha Project Linus kule Colorado, kwa ajili ya watoto wagonjwa na waliopatwa na misukosuko. Mablanketi yake yanatakiwa yawe mapya, yatengenezwe kwa mkono, na yawe ya kufulika. Sharti hilo la mwisho linasemwa kwa neno moja, nami naliona kuwa limebeba mwongozo mzima.

Kroshia ina faida moja ya asili inayoifaa kazi hii. Katika sweta la sindano mbili, vitanzi vya safu nzima huwa vimeshikana kwa kutegemeana, hivyo uzi ukikatika kitanzi kimoja huachia cha chini yake na mstari mzima hushuka kama ngazi. Kroshia hulifunga kila fundo kabla ya kuanza jingine, kwa hiyo tundu lililotoboka huchelewa kupanuka. Faida hiyo hupotea mahali pawili, kwenye ncha za uzi na kwenye maungio, na huko ndiko jicho la mjuzi huanzia. Ligeuze blanketi. Mraba wa rangi nne huacha ncha nane, mwanzo na mwisho wa kila rangi. Blanketi la miraba 49 lina ncha 392, na kila moja ni mlango unaoweza kufunguka. Mfumaji mvivu huzifunga fundo na kuzikata karibu. Fundo la akriliki huteleza, kwa sababu uzi wenyewe ni laini, na kabla halijafunguka humkwaruza anayelilalia. Ncha iliyotunzwa huachwa ndefu, kama sentimita 15, ikapitishwa ndani ya mafundo kwa sindano ya tundu pana: kwenda, kurudi, kisha kwenda tena kwa upande mwingine. Usiniamini mimi, wala usimwamini mfumaji. Vuta kitambaa mahali hapo kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Ncha ikichungulia, itatoka yote ikifuliwa. Kisha angalia kitovu cha kila mraba. Wengi huanza kwa kitanzi kinachokazwa kwa kuvuta ncha moja tu, na ncha hiyo ikiwa fupi, kitovu hufunguka kama mdomo na mafundo yote yanayokizunguka hupoteza mshiko. Kitovu kilicholegea ni sababu tosha ya kulirudisha blanketi lote, hata kama mengine yote ni mazuri.

Maungio ndiyo yanayotenganisha fundi na mwenye nia njema. Lishike blanketi kwa kona mbili, lining'inize, ulitazame likijivuta kwa uzito wake. Mistari ya maungio ikikaa mifupi huku miraba ikijikunja kama chapati iliyokosa mafuta, aliyeunganisha alikaza mno, na mstari uliokazwa hivyo ndio wa kwanza kukatika kwa kuwa hauna mnyumbuko. Mistari ikiacha mapengo, aliruka mafundo ili vipande visivyolingana vionekane vinalingana. Hilo la pili ndilo kosa la kawaida la mablanketi ya vikundi, na dawa yake ni kukiongezea kipande kidogo mzunguko mmoja kabla ya kukiunganisha, badala ya kukivuta kwa nguvu kifike. Kosa baya kuliko yote ni uzi wa cherehani. Huonekana imara, na kweli ni imara, lakini uzi mwembamba mgumu huukata uzi mnene laini kidogo kidogo kama kamba inavyokata mgomba. Maungio mazuri hutumia uzi uleule uliofumiwa, hukamata kila fundo na mwenzake wa upande wa pili, na hukamata nyuzi zote mbili za juu ya fundo, si ule wa nyuma peke yake. Ukiyavuta hunyumbuka, ukiyaachia hurudi. Pembeni kuwe na ukingo wa mizunguko miwili au zaidi, maana ukingo ndio unaoshikwa na mikono na kukanyagwa na miguu. Ukingo unaopiga mawimbi una mafundo mengi kupita kiasi. Unaojikunja kama bakuli una machache. Hayo ni makosa ya sura na yanasameheka. Maungio yaliyorukwa hayasameheki.

Juu ya uzi kuna ubishi wa zamani, na wapenda sufu huwa na kiburi kidogo. Wanasema akriliki ni plastiki, kwamba mhitaji anastahili kitu cha kweli. Kampuni ya DuPont ilipouingiza sokoni uzi wake wa akriliki, Orlon, mwaka 1950, akriliki ilianza kuteka mablanketi ya nyumbani kwa sababu zinazoeleweka: bei ndogo, rangi zinazong'aa, nondo hawaili, na mashine ya kufulia haiidhuru. Sufu hushinda kwa joto na hubaki na joto hata ikilowa, lakini iingize katika maji ya moto ya dobi wa hospitali itoke imeshikamana na kusinyaa nusu. Kwa wodi, basi, au kwa mama asiye na nafasi ya kufua kitu kimoja kimoja kwa maji ya vuguvugu, sufu ghali ni zawadi inayodumu mpaka siku ya kufuliwa. Hata hivyo wapenda sufu wana hoja moja ambayo wenye akriliki huipuuza, nayo ni moto. Akriliki ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, wakati sufu huungua polepole na huelekea kujizima. Katika nyumba ambamo watu hulala karibu na jiko la mkaa au mafiga, hesabu inageuka, na mkaguzi mwaminifu ataomba sufu iliyotibiwa isisinyae au atakataa akriliki. Pamba, inayopendwa kwenye joto la pwani, huvumilia kufuliwa kuliko zote, ila hunywa maji, huwa nzito, na huchelewa kukauka. Hakuna uzi bora kwa jumla. Kuna uzi unaofaa nyumba fulani, na asiyeuliza blanketi linakwenda wapi hawezi kulipima.

Uzito na ulaini hupimwa kwa kulilaza mkononi. Blanketi likisimama kama mkeka, sindano ya kroshia ilikuwa ndogo kuliko uzi ulivyotaka. Kwa uzi wa unene wa kati, sindano ya milimita 5 au 5.5 hutoa kitambaa kinachoanguka na kuufuata mwili. Likiwa na matundu makubwa litapendeza dirishani na kupitisha baridi kitandani. Kwa watoto wachanga matundu ni zaidi ya baridi, kwa sababu kidole kidogo huingia kwenye kitanzi na kunaswa. Fundo liwe la kubana, pasiwe na tamvua wala vifungo wala vishada. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na blanketi lililo huru kitandani, kwa hiyo blanketi la mtoto lipimwe kama la kumfunikia akiwa amebebwa.

Nimeichelewesha rangi kwa makusudi, kwa kuwa wengi huanza nayo na kuishia hapo. Rangi si anasa. Katika chumba cha bweni chenye vitanda ishirini vilivyotandikwa kijivu, blanketi la rangi saba ndilo ambalo mtoto hulitambua kuwa lake, na rangi nyingi huficha doa ambalo nyeupe ingelitangaza. Lakini rangi nayo ina mtihani wake wa maji: lowesha kitambaa cheupe, usugue kwenye nyekundu na buluu iliyoiva, kikichukua rangi, kufuliwa mara moja kutaivuruga kazi nzima. Kisha tazama kama mabaki yanaonekana kuwa chaguo au masazo. Mfumaji mwenye jicho hurudia rangi moja, nyeusi au maziwa, kwenye mzunguko wa mwisho wa kila mraba, na rangi hiyo moja huzishika nyingine zote kama uzi wa shanga. Mhitaji naye huona. Anajua kilichofumwa kwa ajili yake na kilichofumwa ili kumaliza uzi kabatini.

Pingamizi mbili zinastahili jibu. Ya kwanza yasema ukali huu utawafukuza wanaoanza. Mpango wa Rosen unajibu wenyewe: anayeanza hupewa kipande, mzoefu hupewa maungio. Kosa ndani ya kipande, ukitoa ncha na kitovu, huonekana na kwisha hapo. Kosa la maungio huliangusha blanketi. Ukali uwekwe unakostahili kuwekwa, na anayejifunza ataachwa ajifunze. Ya pili ni nzito zaidi: uzi wa blanketi moja mara nyingi hugharimu kuliko blanketi la kiwandani, kwa nini tusinunue tu? Mafuriko yakiwaacha watu mia tano nje usiku, ni kweli, nunueni ya kiwandani, tena haraka. La kufumwa kwa mkono linahalalisha gharama yake pale tu mtu mmoja anapolihifadhi kwa miaka, na halihifadhiwi likiwa limefumuka. Afrika Kusini ina mfano unaochekesha kidogo. Harakati ya 67 Blankets, aliyoianzisha Carolyn Steyn baada ya changamoto ya Zelda la Grange, aliyekuwa msaidizi wa Nelson Mandela, mwishoni mwa 2013, ikiienzi miaka 67 ya utumishi wa Mandela, iliunganisha maelfu ya kazi mwaka 2015 pale Union Buildings, Pretoria, likapatikana blanketi la kuvunja rekodi ya dunia. Kisha likatenganishwa, watu wakapelekewa wajifunike. Rekodi ya ukubwa ilipata cheti. Ya kufuliwa mara nyingi bila kuachia haina cheti, nami naiheshimu zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kulifunga mfukoni, lifue. Si kulisuuza: lifue kama litakavyofuliwa huko liendako, likamuliwe, lianikwe, likauke. Ukilianua kwenye kamba na kukuta ncha moja imechungulia, usilipeleke bado. Chukua sindano ya tundu pana, ukae nalo nusu saa nyingine.