Ushuhuda wa Asiyeokoka: Imani na Maisha ya Kila Siku katika Going Down River Road

Maandishi ya Kikristo ya Afrika Mashariki yana fani mashuhuri iitwayo ushuhuda. Fani hiyo ilipata nguvu katika uamsho ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Mpangilio wake unafahamika: mtu yu dhambini, anapatwa na msukosuko, anaungama mbele ya ndugu, kisha anaanza maisha mapya. Kwa kipimo hicho, riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976), haina nafasi katika mjadala wa imani. Wahusika wake ni vibarua, walevi na malaya wa Nairobi. Hakuna anayetoa ushuhuda wa kuokoka. Lakini kipimo hicho hupima maneno kuliko matendo, na hapo ndipo ulipo upungufu wake.

Ben, mhusika mkuu, ni luteni aliyefukuzwa jeshini, ambaye sasa anafanya kibarua katika ujenzi wa jumba la Development House. Anaishi na Wini, karani wa ofisi, pamoja na mtoto wa Wini aitwaye Baby. Wini anapotoroka na bosi wake, Ben anaachiwa mtoto asiye wake. Hapana sheria wala udugu wa damu unaomlazimisha kumlea. Anamchukia, anatamani kumwacha, wala hamwachi. Anapopoteza chumba, anahamia naye katika kibanda cha rafiki yake Ocholla.

Hapa yafaa kukumbuka mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka. Mwanasheria anauliza jirani ni nani. Jibu analopewa halitaji ukoo wala dhehebu, bali linasimulia tendo. Katika Kiswahili cha kila siku, jirani ni mtu akaaye karibu. Mfano huo unaipanua maana hiyo: ujirani ni jambo la kutendwa, si la kupakana kuta. Ben anautenda pasipo kuutaja. Hata hivyo, hali zao si sawa. Msamaria ana mafuta, divai, mnyama wa kupanda na fedha za kumwachia mwenye nyumba ya wageni. Akisha kulipa, anaendelea na safari. Ben hana cha kulipa wala pa kwenda. Kila tonge analompa mtoto limepungua katika sahani yake mwenyewe. Ndiyo maana huruma yake imejaa manung'uniko, na ndiyo maana inasadikika. Mwandishi ameonyesha jambo ambalo mahubiri mengi hulipita: fadhila ya fukara haina uso wa tabasamu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba riwaya hii ni hubiri lililofichwa. Ben haachi pombe, wala hawi mlezi mpole. Aidha, Wini hakutendewa haki na msanii. Anaondoka bila msomaji kupewa nafasi ya kuyajua yaliyomo moyoni mwake, ingawa naye aliupata mzigo wa uzazi angali msichana mdogo. Ukuaji wa kiroho, kama upo katika riwaya hii, umetengewa mwanamume. Mhakiki Mkristo hana budi kuusema upungufu huo, kwani jirani aliyetupwa kando ya njia yaweza pia kuwa Wini.

Pamoja na hayo, riwaya hii inaturudisha kwenye asili ya neno lenyewe. Ushuhuda ni kazi ya shahidi, na shahidi ni mtu aliyekuwapo. Katika fani ya uamsho, ushuhuda umekuwa zaidi ni usemi. Katika riwaya ya Mwangi ni kuwapo. Wini ameondoka, Ben yupo. Mwalimu wa fasihi anayekiweka kitabu hiki mbali na wanafunzi wake kwa sababu ya lugha ya matusi na vilabu vya pombe huwalinda na maneno, lakini huwanyima swali gumu kuliko yote: nani atabaki na mtoto huyu?