Istilahi Sikioni: Siku Moja ya Kusikiliza Redio Ufipa

Aghalabu istilahi huhakikiwa mezani. Kamati hukutana, dhana hupambanuliwa, neno huteuliwa na kuchapishwa katika orodha, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba imebaki hatua moja isiyofaa kupuuzwa, nayo ni kulisikiliza neno hilo likitamkwa redioni, mahali palipo mbali na meza ile. Msomaji wa kitabu asipoelewa hurudi nyuma ukurasa mmoja. Msikilizaji wa redio hana pa kurudi.

Kwa ajili hiyo, mwanzoni mwa Novemba, tulishinda Sumbawanga tangu alfajiri hadi saa tatu za usiku tukisikiliza vipindi mbalimbali vya Kiswahili pamoja na wenyeji wetu, wakulima na walimu. Tulihama kutoka idhaa moja hadi nyingine, wala hatutataja kituo chochote, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza ni za istilahi zenyewe, na katika hizo sisi tulio katika kazi ya istilahi hatuwezi kujitenga.

Asubuhi, baada ya habari, ulisomwa utabiri wa mvua. Ilielezwa kwamba katika mikoa inayopata "mvua za msimu" zinatarajiwa mvua "za wastani hadi juu ya wastani". Mzee aliyetukaribisha, ambaye mbegu zake za mahindi zilikuwa tayari ndani ya gunia, alituuliza: "Wanangu, huo wastani ni mwingi au ni kidogo?" Swali hilo ni uhakiki tosha. Katika hesabu ya watabiri, wastani ni kiasi cha kawaida cha mahali fulani kinachopatikana kwa kulinganisha mvua za miaka mingi. Katika Kiswahili cha kila siku, kitu cha wastani ni cha kadiri, hakikuzidi wala hakikutosha sana. Mwanafunzi wa wastani hasifiwi. Basi mkulima wa Ufipa, ambako mvua ya kawaida hulitosha hindi, huweza kusikia "mvua za wastani" akadhani anaonywa, ilhali anapewa habari njema. Tena, wastani wa Sumbawanga juu ya uwanda si wastani wa bonde la Ziwa Rukwa huko chini, na neno halimwambii msikilizaji ni upi unaosemwa.

Neno "msimu" nalo lina mzigo wake. Pwani, msimu umefungamana na pepo na safari za majahazi. Kwa wakulima wa bara ni wakati wa kulima. Kwa mtabiri, "mvua za msimu" ni zile zinyeshazo mara moja kwa mwaka, takriban Novemba hadi Aprili, tofauti na vuli na masika za mikoa yenye misimu miwili. Lakini wenyeji wetu huita kipindi chote hicho masika. Walipotajiwa vuli, msimu na masika kwa pamoja, baadhi yao walidhani mvua zao hazijatangazwa bado, wakaendelea kuzingoja habari za masika. Hapa kosa la neno si kosa la daftari. Ni wiki mbili za kupanda zinazopotea.

Vipindi vya salamu na matangazo ya vifo vilivyofuata havikuwa na taabu yoyote, maana humo kila neno ni la watu wenyewe.

Mchana tulisikia mazungumzo juu ya mafao ya wastaafu, na neno "kikokotoo" likatajwa mara nyingi. Hakuna aliyeuliza maana yake. Neno hili limetokana na kitenzi "kokotoa", ambacho zamani hakikutoka sana nje ya darasa la hesabu. Ulipozuka mjadala wa kanuni za mafao mwaka 2018, likaenea nchi nzima, kwa sababu kila lilipotajwa lilifuatana na fedha za mtu. Kadhalika "barakoa", jina la kale la pwani la kifuniko cha uso wa mwanamke, lilipewa kazi mpya mwaka 2020, nalo likaeleweka upesi, kwani lilisikika na kuonekana kwa wakati mmoja.

Alasiri ilikuwa zamu ya kilimo. Mtaalamu alisifu "mboji" kwa maneno mazuri, lakini hakuieleza. Wasikilizaji walikuwa kimya, nao ni watu ambao wazee wao, tangu zamani, hufukia nyasi chini ya vichuguu vya udongo ili zioze na kuutia rutuba, kisha hupanda humo. Vichuguu hivyo huitwa ntumba. Walifundishwa jambo wanalolijua kwa jina wasilolijua. "Tuta" halitoshi kuwa tafsiri ya ntumba, kwa kuwa tuta laweza kuwa la udongo mtupu. Twaona yafaa neno hilo lipokelewe katika istilahi za kilimo, kama lilivyopokelewa "ikulu" kutoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma.

Kipindi hichohicho kilitaja "stakabadhi ghalani". Sheria ya mwaka 2005 inahusu stakabadhi za ghala, yaani hati ya kuthibitisha kwamba mazao fulani ya mtu fulani yamehifadhiwa. Umbo la "ghalani" limegeuza maana: mwenyeji mmoja alielewa kwamba risiti yenyewe ndiyo inayowekwa ghalani, akasema hataki kuacha karatasi yake kwa watu. Hatuwezi kumlaumu, sarufi iko upande wake.

Jioni tulisikia mpira. Mtangazaji alisema mshambuliaji "ameotea", na papo hapo akaeleza kwamba alikuwa amewatangulia mabeki pasi ilipotolewa. Huyo ndiye mwalimu bora wa istilahi tuliyemsikia siku ile.

Yatupasa kukumbuka kwamba redio ya taifa iliwahi kuifanya kazi hii kwa utaratibu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walisikiliza Radio Tanzania wakiwa katika vikundi, wakiwa na kiongozi na kijitabu. Neno lilisikika, likasomwa, likajadiliwa, kisha likatendwa kwa kuchimba choo. Siku hizi neno hupita mara moja tu, likaenda zake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi inayosanifiwa iambatane na maelezo mafupi yanayoweza kusomwa kwa pumzi moja, ili mtangazaji asilazimike kuyabuni. Pili, istilahi za kilimo, afya na hali ya hewa zijaribiwe kwa masikio ya mikoani kabla ya kuchapishwa. Tatu, walimu na maofisa walioko wilayani watuletee maneno ya mahali pao, hasa pale ambapo Kiswahili kina pengo.

Mzee wa Sumbawanga alipanda mahindi yake baada ya sisi kumfafanulia wastani. Majirani zake hatukuwafikia. Wasomaji wenye mifano kama hii kutoka sehemu nyingine wanakaribishwa kutuandikia.