Mwenye kusambaza anafungwa, na kampuni?

Ba camarades, tukizungumuzia Code du numérique ya 2023, kila mara tunasimama kwa article 360: mwenye kuanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mutu anaweza kufungwa. Sawa. Lakini kampuni yenye ilisukuma ile posti mbele ya watu, nani anaiuliza?

Novemba 2021, mu Etiopia, Profesa Meareg Amare aliuawa inje ya nyumba yake, nyuma ya posti za Facebook zenye kumuchafua. Mutoto wake alikuwa amesharipoti zile posti. Mu 2022 alishitaki Meta kule Nairobi, kwenye watu walikuwa wanachunguza posti za inchi zetu. Aprili 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ina haki ya kusikiliza kesi. Ni mulango tu umefunguka, si hukumu.

Wengine wanasema: kampuni haikuandika kitu. Mimi wa agronomi najibu hivi: mwenye kugawa vijiti vya muhogo si yeye alileta mozaiki. Lakini ukimuonyesha majani yenye ugonjwa na aendelee kugawa, shamba likiharibika, deni ni yake pia.

Tusiombe adhabu kwa kila posti: kwa woga kampuni itafuta hata video zenye kuonyesha mateso yetu. Deni ianze siku imeonywa. Kwetu Bukavu, na hii vita, picha moja na neno "mujasusi" inaweza kumaliza mutu.

Munaonaje?