"Malaika" si Wimbo wa Kubembeleza Mtoto

"Malaika", uliovumishwa na Fadhili William na baadaye Miriam Makeba, mara nyingi huimbwa kama bembezi. Kosa hili halitokani na ugeni wa lugha pekee. Katika Kiswahili, malaika ni pia mtoto mchanga. Mama wa Rungwa, Singida, amwitaye mwanawe hivyo hakosei. Anayekosea ni mhakiki aishiaye kwenye nomino. Kitenzi -oa, katika kauli ya kutenda, humbainisha msemaji kuwa mwanamume anayeposa, na kiambishi -nge- huonyesha kuwa ndoa yenyewe haijawezekana, kwa kukosa mali. Mtoto auimbaye hushika jina na lahani. Ufukara, ambao ndio kiini cha matini, humpita. Makosa hayo humstahili mtoto, si mhakiki.